Mafaili Yanayotumwa na Kompyuta Usiku: Namna ya Kuweka Mahali pa Kupokelea

Watendaji wa ofisi za Serikali, wasimamizi wa masjala, walimu wakuu wa skuli, na wananchi wanaotumia kompyuta kuweka hesabu na kumbukumbu zao wanaarifiwa kuwa ukurasa huu safari hii unaeleza jambo moja ambalo aghalabu hupangwa siku moja na kusahauliwa kwa miaka mingi. Jambo lenyewe ni mpango wa programu za kutunza taarifa kutoa mafaili na kuyapeleka mahali pengine zenyewe, bila ya mtu kubonyeza chochote. Maelezo haya yameandikwa ili hata asiyekuwa fundi aweze kumuuliza fundi wake masuala yanayostahiki, na fundi naye ajue anachopaswa kukijibu.

Neno la msingi ni hili: kazi ya kupeleka faili haikamiliki faili linapoondoka. Hukamilika linapopokelewa, likafunguliwa, likahisabiwa na kuonekana kuwa ni lile lile lililotumwa. Mtu aliyekabidhiwa barua ya ofisi aifikishe Wete hasemi kuwa amemaliza kazi kwa sababu tu amepanda boti bandarini Malindi. Husema amemaliza anaporudi na saini ya aliyeipokea. Kompyuta nayo idaiwe saini hiyo hiyo.

MAANA YA KUTOA FAILI, NA HAJA YAKE

Katika masjala ya karatasi, mwenye kutaka nakala ya jalada hulitoa kabatini, akalinakili na kulirudisha. Leo sehemu kubwa ya taarifa za wananchi imo ndani ya hifadhidata, yaani ghala la taarifa ambalo programu ndiyo inayolifungua na kulifunga. Mfano wake ni programu ya DHIS2, iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ambayo hutumika hapa Zanzibar kukusanya takwimu za afya. Hifadhidata ya namna hii haibebeki mkononi kama jalada. Ili taarifa zake ziwekwe akiba, au zitumike katika ofisi nyengine, ni lazima programu izinakili katika faili. Kitendo hicho ndicho tunachokiita hapa kutoa faili.

Faili hutolewa kwa haja tatu. Ya kwanza ni akiba, ili mashine ikiharibika taarifa zisipotee pamoja nayo. Ya pili ni kuipa ofisi nyengine inachokihitaji, kama vile benki kupatiwa orodha ya malipo. Ya tatu ni ripoti za kila wiki au kila mwezi kwa wakubwa wa kazi.

Haja zote tatu hujirudia, na kazi inayojirudia ikiachiwa mkono wa mtu, iko siku itasahauliwa: siku ya sikukuu, siku ya ugonjwa, au siku ya uhamisho. Ndiyo maana programu nyingi za kutunza taarifa zina sehemu ya kupanga kazi hii ifanyike yenyewe kila usiku. Mpangaji hujaza mambo machache: nini kitolewe, saa ngapi, kwa muundo gani na kipelekwe wapi. Hilo la mwisho, yaani mahali pa kupokelea, ndilo linalochukuliwa wepesi kuliko yote, na ndilo lenye hatari zaidi.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano wa kubuni. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Tuseme ofisi fulani inatunza orodha ya malipo ya namna hiyo, na kila usiku programu yake hutoa faili la majina. Mzee wa Makunduchi au wa Konde haijui programu, wala hana haja ya kuijua. Yeye hujua siku moja tu, siku ya malipo. Jina lake likiwa limebaki njiani, siku hiyo ataambiwa kuwa hayumo.

AINA ZA MAHALI PA KUPOKELEA

(a) Folda ya mashine ile ile. Faili hutolewa na kuwekwa katika diski ya kompyuta iliyolitoa. Ni njia nyepesi na ya haraka, na inafaa kama kituo cha kupita. Haifai kuwa akiba. Diski ikifa, asili na nakala hufa pamoja.

(b) Folda ya pamoja katika mtandao wa ofisi. Faili huvuka waya na kuwekwa katika seva nyengine ya jengo lile lile. Hapa nakala imeepukana na maradhi ya diski moja, lakini haikuepukana na moto, maji wala wizi wa jengo.

(c) Seva ya mbali. Faili hupelekwa katika seva iliyoko mji mwengine au kisiwa chengine. Njia ya zamani ya kufanya hivyo iitwayo FTP hupitisha jina, nenosiri na taarifa zenyewe waziwazi, kama barua isiyo bahasha. Isitumike kwa taarifa za watu. Mahali pake ichukuliwe SFTP, ambayo hufunga kila kitu kwa msimbo na kwa kawaida hupitia mlango namba 22.

(d) Ghala la kukodi mtandaoni, ambalo watu wamezoea kuliita wingu. Wingu ni jina tu. Taarifa zimo katika diski za mtu, katika jengo la mtu, katika nchi yenye sheria zake. Kabla ya kulichagua, ofisi iulize jengo hilo liko wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kila ofisi na ipate kauli ya mwanasheria wake namna masharti hayo yanavyoigusa.

(e) Barua pepe. Programu nyingi zinaweza kuambatisha faili na kulituma kwa barua pepe. Njia hii ivumiliwe kwa ripoti fupi zisizo na siri. Mifumo ya barua pepe ina kikomo cha ukubwa wa kiambatisho. Gmail, kwa mfano, haipokei kutuma zaidi ya megabaiti 25. Faili linalokua kila mwezi iko siku litafika kikomo hicho, na siku hiyo halitaondoka. Zaidi ya hayo, barua ikishatumwa kwa mtu asiyestahiki hairudi.

MAMBO YA KUJAZA, MOJA BAADA YA JENGINE

Anwani ya mahali. Anwani iandikwe kamili, tokea jina la seva hadi folda ya mwisho. Katika mashine za Windows watumishi wamezoea kuiona folda ya pamoja kwa herufi, kwa mfano Z:, na wengi huiandika herufi hiyo katika mpango. Hapo kazi hufeli, na sababu yake huwatatiza wengi. Herufi ile ni ya mtumishi aliyeingia katika mashine kwa jina lake. Kazi ya usiku hufanywa na mashine kwa jina jengine, na jina hilo haliijui Z:. Dawa yake ni kuandika anwani yenyewe, kwa mfano \\seva-kuu\pokezi\malipo, ambayo haitegemei nani ameingia.

Jina la mtumaji. Kazi ya kupeleka mafaili isitumie jina na nenosiri la mtumishi fulani. Mtumishi huhamishwa, hustaafu, au hubadilisha nenosiri lake kama alivyoagizwa, na asubuhi yake mpango umesimama. Fundi afungue jina maalumu kwa ajili ya kazi hii peke yake, na tarehe ya nenosiri lake kwisha muda iandikwe katika kalenda ya ofisi. Kwa SFTP ni bora kutumia jozi ya funguo: ufunguo wa siri hubaki kwa mtumaji na ule wa wazi huwekwa kwa mpokeaji. Mara ya kwanza ya kuunganishwa, seva ya mpokeaji huonyesha alama yake ya utambulisho. Alama hiyo ilinganishwe kwa simu na aliyeko upande wa pili, isikubaliwe kwa mazoea, kwani hapo ndipo mwizi anapoweza kujisimamisha mahali pa mpokeaji.

Ruhusa. Mtumaji apewe ruhusa ya kuweka tu. Asiwe na ruhusa ya kufuta wala kubadilisha kilichokwisha kuwekwa. Sababu yake ni kwamba siku hizi kuna programu ovu zinazofunga mafaili ya ofisi na kudai fidia, na huanza kwa kutafuta kila mahali ambapo mashine iliyoingiliwa inaweza kuandika. Akiba inayoweza kufutwa na mashine iliyoambukizwa si akiba.

Saa. Hapa wenzetu wanaosema Kiswahili wana mtego wao wa peke yao. Mkuu wa ofisi akisema kazi ifanyike saa nane za usiku, mashine iandikiwe 02:00. Fundi akiandika 08:00, kazi itaanza saa mbili za asubuhi, watu wakiwa wanaingia kazini na mtandao umeshughulika. Mtego wa pili ni kuwa seva nyingi huendeshwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Katika seva ya namna hiyo 02:00 ni saa kumi na moja za alfajiri kwetu, na anayetaka saa nane za usiku aandike 23:00. Tarehe nayo hutofautiana: faili lililotolewa kwetu saa nane za usiku wa kuamkia Jumanne litabeba tarehe ya Jumatatu. Ofisi mbili zisipokubaliana juu ya hili, moja itasema faili limefika na nyengine itasema halijafika, na zote zitakuwa zinasema kweli.

Jina la faili. Faili lisipewe jina moja kila siku, kwa mfano malipo.csv. Jina likiwa moja, faili la leo hufuta la jana, na faili bovu la leo hufuta zima la jana. Jina libebe tarehe, na tarehe ianze na mwaka, ufuate mwezi, kisha siku: malipo-2026-03-07.csv. Kwa utaratibu huo mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano, na siku iliyokosekana huonekana kwa jicho. Hali kadhalika, faili linaloendelea kuandikwa lipewe jina la muda, na jina lake halisi liwekwe likishakamilika. Bila ya hivyo mpokeaji anaweza kulichukua likiwa nusu.

Muda wa kuweka. Mafaili ya kila siku yakiachwa bila ya kikomo yatajaza diski, na diski ikijaa kazi itasimama. Ofisi iamue: kwa mfano, ya kila siku yawekwe kwa mwezi, ya mwisho wa mwezi yawekwe kwa mwaka. Ufutaji huo ufanywe na upande wa mpokeaji, si na mtumaji.

MUUNDO WA FAILI: KISA CHA UINGEREZA, 2020

Mpango unaweza kuwa na anwani sahihi na saa sahihi, na bado taarifa zikapotea kwa sababu chombo cha kupokelea ni kidogo kuliko kinachomiminwa.

Katika wakati wa maradhi ya korona, maabara nchini Uingereza zilikuwa zikipeleka majibu ya vipimo kwa mafaili ya maandishi matupu. Mafaili hayo yalikuwa yakiingizwa na mashine katika majedwali ya Excel ya muundo wa zamani, ule wa .xls, kabla ya kupelekwa mbele. Jedwali la muundo huo halichukui zaidi ya mistari 65,536. Mistari ilipozidi hapo, iliyobaki haikuingia. Matokeo yake, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba 2020. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini majina yao yalichelewa kuwafikia wafuatiliaji, na watu waliokutana nao wakaendelea na shughuli zao bila ya kuonywa.

Muundo mpya wa Excel, ule wa .xlsx, unachukua mistari 1,048,576, lakini nao ni kikomo. Funzo lenyewe ni kuwa kila faili liandamane na hesabu ya mistari yake. Mtumaji aseme, nimetuma mistari 28,114. Mpokeaji aseme, nimepokea mistari 28,114. Zikitofautiana hata kwa mmoja, kazi isimamishwe na mtu aitwe. Ndiyo kanuni ile ile ya mizigo bandarini, ambapo karani huhisabu magunia yanapopakiwa na mwengine huyahisabu yanaposhushwa.

Tahadhari nyengine ndogo lakini yenye kusumbua: faili la maandishi likifunguliwa moja kwa moja katika Excel, namba inayoanza na sifuri hupoteza sifuri yake. Namba ya simu ya 0777 huwa 777, na likihifadhiwa tena, upungufu huo hubaki. Faili la kupelekwa kwa wengine lisifunguliwe na kuhifadhiwa njiani.

KUARIFIWA KAZI INAPOFELI: KISA CHA GITLAB, 2017

Kila mpango una nafasi ya kujaza anwani ya barua pepe ya kuarifiwa mambo yakiharibika. Wengi huijaza na kutulia. Kisa kifuatacho kinaonyesha kwa nini haitoshi.

GitLab ni kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, fundi wake mmoja aliyekuwa akirekebisha tatizo jengine alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata kuu, akidhani yumo katika mashine ya pili. Kampuni ilikuwa na mpango wa kutoa nakala ya hifadhidata kila siku na kuipeleka katika ghala la Amazon. Ghala lilipofunguliwa lilikutwa tupu.

Sababu ilikuwa hii. Programu ya kutoa nakala, iitwayo pg_dump, ilikuwa ya toleo la 9.2, na hifadhidata yenyewe ilikuwa ya toleo la 9.6. Matoleo hayo hayakuelewana, kwa hiyo kila siku kazi ilianza na kufeli. Mashine ilijitahidi kuarifu kwa barua pepe, lakini barua hizo hazikuwa na saini ya utambulisho inayotakiwa, na mfumo wa barua ukazikataa. Kazi ilifeli, na habari ya kufeli nayo haikufika.

Kampuni iliokolewa na nakala ambayo ilikuwa imechukuliwa kwa mkono kiasi cha saa sita kabla, kwa madhumuni mengine. Vilivyofanywa ndani ya saa hizo sita vilipotea: takriban miradi 5,000, maoni 5,000 na majina mapya ya watumiaji 700. Inafaa kusemwa kwa heshima kuwa kampuni ilichapisha kisa chote bila ya kuficha, na kwa ajili hiyo ulimwengu mzima umefaidika.

Funzo lake ni kubadilisha utaratibu wa kuarifu. Mpango mwingi husema: nitakwambia nikifeli. Mpango huo hunyamaza wa kufaulu na hunyamaza wa kufa, na huwezi kuvitenganisha vimya viwili hivyo. Utaratibu ulio salama ni mpokeaji kuwa ndiye mlinzi: kila asubuhi kabla ya saa tatu, mashine ya upande wa pili iangalie kama faili la usiku limefika, lina ukubwa unaokaribiana na la jana, na lina mistari iliyotajwa. Lisipokuwepo, yeye ndiye apige kelele. Kwa njia hii kimya cha mtumaji chenyewe huwa ni habari.

MAJENGO NAYO HUFA: STRASBOURG 2021, DAEJEON 2025

Tarehe 10 Machi 2021, moto uliliteketeza jengo moja la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jengo jengine la jirani. Wako wateja waliokuwa na akiba, lakini akiba yao ilikuwa imewekwa katika eneo lile lile la majengo, wakapoteza asili na nakala kwa usiku mmoja. Katika karatasi za mpango wao palikuwa na mahali pawili. Kwa moto palikuwa ni mahali pamoja.

Kisa cha pili kinaihusu serikali. Tarehe 26 Septemba 2025, moto ulianzia katika betri za umeme wa dharura kwenye kituo cha taarifa cha taifa mjini Daejeon, Korea Kusini. Mamia ya huduma za serikali zilisimama. Nyingi zilirejeshwa baadaye, lakini ghala moja ambamo watumishi wa serikali walikuwa wakihifadhi mafaili yao ya kazi, liitwalo G-Drive, liliteketea pamoja na terabaiti 858 za taarifa. Ghala hilo halikuwa na nakala mahali pengine. Nchi hiyo ni miongoni mwa zilizoendelea mno duniani kwa kompyuta. Utajiri wa mitambo haukuziba pengo la mahali pa kupokelea.

Wataalamu wana kanuni nyepesi ya kukumbuka, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe nje ya jengo.

HALI YA VISIWA VYETU

Nje ya jengo, kwetu sisi, ni wapi? Suala hili linafaa kujibiwa kwa kuangalia mambo yaliyokwisha kutokea.

Unguja hupata umeme kwa waya wa baharini kutoka Tanzania Bara. Waya huo ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani kati ya Mei na Juni 2008, kisha tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Pemba ina waya wake peke yake, uliounganishwa na Tanga mwaka 2010. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la tokea mwaka 1883, iliporomoka mchana watu wakiwa kazini, na roho zilipotea. Majengo ya Mji Mkongwe ni ya zamani, na maofisi mengi yamo humo.

Kwa hiyo, kwa ofisi ya Unguja, nakala iliyoko mtaa wa pili haijatoka nje kwa maana inayokusudiwa: umeme ukikatika, zote mbili zimefungiwa. Nakala iliyoko Chake Chake imetoka, kwa kuwa iko chini ya waya mwengine na jengo jengine. Ofisi ya Pemba nayo ifanye kinyume chake. Penye seva na mtandao imara, mafaili yapite kwa SFTP. Pasipokuwa na mtandao wa kutegemewa, si aibu kutumia diski iliyofungwa kwa msimbo, ikapelekwa kwa boti kila wiki na kupokelewa kwa saini. Nakala ya wiki moja iliyofika ni bora kuliko nakala ya kila usiku iliyokwama njiani.

Umeme unaokatika ovyo una athari nyengine ya kuzingatia. Mashine iliyozimika saa nane za usiku haitaifanya kazi ya saa nane, na baadhi ya wapangaji wa kazi hawailipi kazi iliyopita. Mpangaji wa zamani wa mashine za Linux aitwaye cron ni wa namna hiyo: saa ikipita imepita. Fundi aweke utaratibu wa kuifanya kazi iliyokosekana mara mashine inapowashwa, na majaribio ya kupeleka yarudiwe mara kadhaa kabla ya kukata tamaa.

KUJARIBU, NA NANI MWENYE DHAMANA

Mpango usihesabiwe kuwa umewekwa mpaka majaribio matatu yawe yamefanywa mbele ya mkuu wa kitengo.

Jaribio la kwanza, faili litolewe na lifike, na hesabu za mistari zilingane. Jaribio la pili, waya wa mtandao uchomolewe kwa makusudi, na ionekane kama mtu anaarifiwa. Jaribio la tatu, ambalo ndilo linalorukwa na wengi, faili la akiba lichukuliwe na kurejeshwa katika mashine tupu, kisha jina la mtu mmoja litafutwe humo na kupatikana. Faili ambalo halijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Jaribio hili la tatu lirudiwe angalau mara moja kila robo mwaka, na kila mara programu au hifadhidata inapobadilishwa toleo.

Matokeo yaandikwe katika daftari la kawaida la karatasi, lenye safu nne: tarehe, faili, aliyepokea na saini. Daftari hilo likae kwa mkuu wa masjala, lisikae kwa fundi peke yake. Fundi ana elimu ya mashine, lakini dhamana ya taarifa za watu ni ya ofisi. Kila mpango uwe na majina mawili ya wahusika, mmoja upande wa kutuma na mmoja upande wa kupokea. Anapohamishwa mmoja wao, makabidhiano yake yataje mpango huu kama yanavyotaja funguo za kabati na mhuri.

Wakuu wa vitengo ambao hawajui mafaili ya ofisi zao yanapelekwa wapi kila usiku wanashauriwa wasingojee ukaguzi. Suala la kuuliza ni moja, na linaweza kuulizwa asubuhi ya leo: faili la usiku wa kuamkia leo liko wapi, na nani amelifungua? Ikiwa fundi atalionyesha na kulifungua pale pale, kazi iko salama. Akijibu kuwa mashine hujifanyia yenyewe, basi jibu bado halijapatikana, na liendelee kutafutwa siku hiyo hiyo.

Wananchi nao wanakumbushwa kutunza karatasi zao za asili: vyeti vya kuzaliwa, hati za ardhi, vitabu vya malipo na stakabadhi. Ofisi ina wajibu wa kuweka nakala mbali. Mwenye karatasi yake mkononi ana nakala iliyo mbali na maofisi yote, na mara nyingi ndiyo iliyomrudishia mtu haki yake.